Nambari ndogo za mabamba zinazoamua thamani ya noti

MWAKA 2016 ulipokwisha, Marekani ilijikuta na jambo ambalo taratibu zake za fedha zinalikataa kabisa: mamilioni ya noti za dola moja zilizokuwa na pacha wake, kila jozi ikibeba nambari moja ya mfululizo, na noti zote mbili zikiwa halali.

Haikuwa kazi ya wahalifu. Noti hizo zilichapishwa na serikali yenyewe katika viwanda vyake viwili, kimoja jijini Washington na kingine mjini Fort Worth, jimbo la Texas. Kosa lilikuwa la mpangilio wa kazi. Kati ya 2014 na 2016, kila kiwanda kilichapisha kivyake sehemu ile ile ya nambari za Toleo la 2013, zilizotengewa tawi la New York la Benki Kuu ya nchi hiyo.

Zote zilikuwa noti za nyota. Noti inapoharibika kiwandani, mchapishaji hajisumbui kuchapisha nyingine yenye nambari ile ile. Huchukua noti ya akiba, yenye alama ndogo ya nyota mwishoni mwa nambari yake, akaiweka mahali pa ile iliyoharibika. Pacha waliozaliwa kwa kosa hilo ni wa kuanzia B00000001* hadi B00250000*, na tena kuanzia B03200001* hadi B09600000*. Ukijumlisha, unapata jozi 6,650,000.

Mtu akizishika noti mbili za namna hiyo ataona sahihi zile zile, mwaka ule ule, muhuri ule ule na nambari ile ile. Atajuaje ipi ilitoka wapi? Jibu liko pembeni mwa uso wa noti, chini upande wa kulia, katika maandishi madogo ambayo wengi hawajawahi kuyatupia jicho: nambari ya bamba la kuchapia. Iliyotanguliwa na herufi FW ilichapishwa Fort Worth. Isiyo na herufi hizo ni ya Washington.

Wakusanyaji wa noti walikuwa wakizikagua nambari hizo miongo mingi kabla ya kisa hicho, na mara nyingi watu wa kawaida wakiwacheka.

Kazi ya bamba

Noti ya dola haichapishwi kama gazeti. Mchoro wake huchongwa ndani ya bamba la chuma, wino ukajazwa katika michirizi iliyochongwa, uso wa bamba ukapanguswa, kisha karatasi ikashindiliwa kwa nguvu nyingi mpaka ikauchota wino huo kutoka mashimoni. Ndiyo maana ukipitisha ukucha polepole juu ya koti la George Washington katika noti mpya ya dola moja, unahisi mikwaruzo.

Bamba huchakaa. Likichakaa huondolewa mtamboni na jingine kuwekwa mahali pake, yote yakiwa yamenakiliwa kutoka kwa mchoro mmoja mama. Kwa hivyo Shirika la Uchongaji na Uchapishaji la Marekani, lenye chimbuko lake katika mwaka 1862, huyapa mabamba yake nambari na kuyawekea kumbukumbu: lini lilikamilika, lini lilipanda mtamboni, lini lilishuka. Mkaguzi akiona kasoro katika noti, huisoma nambari na kujua papo hapo ni bamba gani la kuondolewa.

Hiyo ndiyo kazi ya nambari hizo, uhasibu na ukaguzi. Hazikuchongwa kwa ajili ya wakusanyaji, na pengine hapo ndipo utamu wake ulipo. Kitu kilichotengenezwa ili kipendwe na wakusanyaji, kama vile sarafu za ukumbusho, huwa na siri chache. Kumbukumbu za karakana hazikuandikwa kwa nia ya kumpendeza mtu, na kwa sababu hiyo husema mengi kuliko zilivyokusudiwa.

Kila noti ya dola hupitia hatua tatu. Mgongo wake, ule wa kijani, huchapishwa kwanza. Wino ukishakauka, uso nao huchapishwa kwa bamba jingine. Mwisho kabisa huja mihuri na nambari ya mfululizo, zinazowekwa kwa mtambo tofauti. Basi noti moja ina nambari mbili za mabamba, moja usoni na nyingine mgongoni, na hakuna sheria inayozifunga pamoja. Bamba la 34 la uso linaweza kukutana leo na bamba la 127 la mgongo, na kesho likakutana na la 130.

Katika noti ya dola moja ya kawaida, nambari ya mgongo hukaa upande wa kulia kuelekea chini, karibu na herufi E ya neno ONE. Ile ya uso imo pembeni chini, kulia, ikitanguliwa na herufi moja. Herufi hiyo hiyo hujirudia juu upande wa kushoto ikiwa na tarakimu, kwa mfano C3. Hiyo C3 si nambari ya bamba, bali ni anwani ya noti ndani ya bamba.

Anwani ndani ya bamba

Bamba moja huchapisha noti nyingi kwa mpigo. Noti za ukubwa wa sasa zilipoanza kutoka mwaka 1929, karatasi kubwa moja ilibeba noti 12, zilizopewa herufi A hadi L. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikawa 18, na kuanzia 1957 zikawa 32. Karatasi ya noti 32 iligawanywa katika robo nne, kila robo ikiwa na herufi A hadi H. Noti yenye C3, basi, ilikaa nafasi ya C katika robo ya tatu.

Hapa pana hesabu moja ambayo kila mwenye dola angefaa kuijua. Nambari za mfululizo haziendi moja, mbili, tatu katika karatasi ile ile. Karatasi hurundikwa moja juu ya nyingine na kukatwa kwa pamoja, na nambari hufuatana kutoka karatasi moja hadi inayofuata katika nafasi ile ile. Rundo likikatwa, kila nafasi inatoa kitita cha noti zenye nambari zinazofuatana.

Chukua mkupuo wa noti 6,400,000 uliotumika kwa miaka mingi katika noti za dola moja zilizochapishwa 32 kwa karatasi. Mkupuo huo una karatasi 200,000. Nafasi ya A1 itapata nambari 1 hadi 200,000; B1 itapata 200,001 hadi 400,000; na kuendelea hadi H1, ndipo A2 ifuate. Noti yenye nambari 01250000 inaangukia kitita cha saba, kwa hivyo lazima iwe na anwani ya G1. Ikiwa na D4, mwenye noti ana haki ya kuuliza maswali.

Mkupuo unaofuata huanza 6,400,001, na anwani hurudi A1. Mikupuo 15 hufika 96,000,000 kamili, na hapo ndipo nambari za noti za matumizi zinapokomea. Zilizo juu ya hapo zimetengewa karatasi nzima zisizokatwa, ambazo huuzwa kwa wakusanyaji.

Lakini hesabu hii isitumiwe kama rungu. Mikupuo ya zamani ilikuwa midogo, mingine ikiwa ya noti 640,000 ambapo kila nafasi ilipata 20,000 tu. Noti za nyota nazo zina mikupuo yake. Kisha katika miaka ya 2010 Shirika lilianza kutumia karatasi za noti 50, zenye anwani za A1 hadi J5, na hesabu ya 32 haifai tena kwa noti hizo. Mwenye kuhesabu sharti kwanza ajue noti yake ni ya toleo lipi.

Baghala wa mwaka 1938

Kati ya mambo yote yanayohusu nambari za mabamba, hakuna lililozua mijadala mingi kama lile la noti ziitwazo na Waamerika jina la mnyama aliyezaliwa kwa punda na farasi. Baadhi ya kamusi humwita nyumbu, lakini kwa Mkenya nyumbu ni yule anayevuka Mto Mara kila mwaka, kwa hivyo baghala ndilo jina litakalotumika hapa.

Hadi kufikia mwaka 1938, nambari za mabamba katika dola zilikuwa ndogo mno, urefu wake ukiwa takriban milimita 0.6. Noti ikichakaa kidogo tu, nambari hiyo haisomeki. Shirika likaamua kuzikuza hadi kiasi cha milimita moja ili zisaidie katika kutambua noti bandia. Badiliko lilionekana kubwa kiasi cha kustahili herufi mpya katika jina la toleo. Toleo la 1934 likawa 1934A, na lile la 1935 la dola moja likawa 1935A.

Msomaji atulie kidogo juu ya jambo hilo. Sahihi za wakuu wa Hazina hazikubadilika. Julian na Morgenthau walikuwa wametia sahihi matoleo ya awali, na ndio waliotia sahihi yale mapya. Picha haikubadilika, wala muhuri. Kilichoitenga noti ya fedha ya dola tano ya 1934 na mwenzake wa 1934A ni sehemu ya milimita katika pembe.

Sasa, kiwanda hakiwezi kutupa mabamba mazima kwa sababu tu nambari zake ni ndogo. Mabamba ya mgongo yenye nambari ndogo yaliendelea kutumika mpaka yalipochakaa, huku mapya yenye nambari kubwa yakiingia. Isitoshe, karatasi zilizokwisha kuchapishwa mgongo zilikuwa zikisubiri kuchapishwa uso. Matokeo yake ni noti zilizo na nambari ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili. Hao ndio baghala.

Baghala ni wa aina mbili. Kuna uso wa zamani wenye nambari ndogo uliokutana na mgongo mpya, na kuna uso mpya uliokutana na mgongo wa zamani. Aina hizi hazilingani kwa wingi. Katika dola moja, baghala wa Toleo la 1935, yaani uso wa zamani na mgongo mpya, ni adimu kuliko wale wa 1935A. Muuzaji anayekwambia tu kwamba "hii ni baghala" hajakwambia lolote kuhusu bei mpaka utazame toleo.

Inafaa pia kusema kwamba neno hili halihusu noti yoyote ile yenye nambari mbili tofauti. Nambari za uso na mgongo hutofautiana karibu kila mara. Kinachotakiwa ni tofauti ya ukubwa wa tarakimu, na ni katika matoleo ya kipindi hicho pekee. Wako wanaotangaza mtandaoni dola za miaka ya 1990 kwa jina la baghala. Hao ama hawajui ama wanajua vizuri sana.

Bamba la 637

Historia ya bamba moja inatosha kuonyesha jinsi kumbukumbu za karakana zinavyogeuka kuwa thamani sokoni. Ni bamba la mgongo la dola tano, nambari 637.

Bamba hilo lilianzishwa mwaka 1935, wakati nambari zilikuwa bado ndogo, na likachongwa nambari yake ndogo kama ilivyokuwa desturi. Lakini halikupelekwa mtamboni. Liliwekwa kando kuwa bamba mama, la kuzalisha mabamba mengine. Miaka ikapita, nambari zikakuzwa, na mabamba ya mgongo ya dola tano yenye nambari ndogo yakaisha yote.

Mnamo Novemba 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, kazi yake ya umama ikafikia kikomo. Badala ya kuliyeyusha, mafundi walilikamilisha ili lichapishe noti. Nambari yake ikabaki ile ile ndogo ya 1935. Lilipanda mtamboni Juni 1945 na kuendelea kutumika hadi Juni 1949.

Kwa sababu ya bamba hilo moja, baghala walizaliwa katika matoleo ambayo hayakupaswa kuwa nao. Noti za dola tano za 1934B na 1934C, zilizochapishwa wakati kila mtu alidhani nambari ndogo zimekwisha kusahauliwa, zinapatikana zikiwa na 637 ndogo mgongoni. Noti nyingi za toleo hilo hilo zenye nambari nyingine za mgongo ni noti za kawaida. Muuzaji asiyeitazama pembe ataiuza kwa bei ya kawaida, na mnunuzi anayejua atalipa kimyakimya na kwenda zake.

Kwamba habari za bamba hili zinajulikana leo si jambo la bahati. Watafiti wa noti nchini Marekani, akiwemo Peter Huntoon, walikaa na daftari za zamani za Shirika wakizilinganisha na noti zilizomo mikononi mwa wakusanyaji. Chama cha Wakusanyaji wa Fedha za Karatasi cha nchi hiyo, kilichoundwa 1961, kimekuwa kikichapisha utafiti wa aina hiyo katika jarida lake kwa miongo kadhaa. Bila daftari, 637 ingekuwa kitendawili tu.

Afrika nayo ina fungu lake katika kisa cha mwaka 1938. Majeshi ya Marekani yalipotua Morocco na Algeria Novemba 1942, askari walilipwa kwa noti maalumu zenye muhuri wa manjano badala ya ule wa buluu. Lengo lilikuwa kwamba zikiangukia mikononi mwa adui kwa wingi, Hazina izikatae bila kuathiri dola nyingine. Dola kumi za muhuri huo zipo za Toleo la 1934 na za 1934A. Za 1934A zinapatikana bila taabu kubwa. Za 1934 ni adimu hasa, na mwenye kuikuta noti hiyo katika sanduku la babu asikubali bei ya haraka haraka.

Mgongo mpana na mwembamba

Wakati mwingine nambari ya bamba husaidia kutambua jambo ambalo jicho linalikosa. Toleo la 1935D la dola moja lilichapishwa kwa mabamba ya mgongo ya aina mbili, moja likiwa na mchoro mpana kidogo kuliko jingine. Tofauti yenyewe ni kama milimita moja na nusu, na noti iliyokatwa vibaya inaweza kumhadaa hata mzoefu. Nambari ya mgongo hukata shauri: kuanzia 5015 kwenda chini ni mchoro mpana, na zilizo juu ya hapo ni mwembamba.

Noti zisizo na anwani

Kisa kingine cha karibu zaidi ni cha mtambo ulioshindwa. Mnamo 1992 Shirika lilianza kuchapisha dola moja kwa mtambo unaolishwa karatasi iliyozongwa kwenye gurudumu kubwa, mfano wa ile inayochapisha magazeti, badala ya karatasi zilizokatwa. Nia ilikuwa kuharakisha kazi na kupunguza gharama. Mtambo haukutulia, kazi ikakwama mara kwa mara, na kufikia 1996 mradi ukaachwa.

Noti zilizotoka humo ziliingia mtaani kama nyingine zote, katika matoleo ya 1988A, 1993 na 1995. Hakuna tangazo lililochapishwa juu yake kusema zilikotoka. Zinatambulika kwa alama za mabamba peke yake. Usoni hazina ile anwani ya juu kushoto, wala herufi mbele ya nambari ya bamba iliyo chini kulia. Kuna tarakimu tupu. Mgongoni nambari imehama kutoka mahali pake pa kawaida na kusogezwa juu, karibu na neno TRUST.

Hizi ndizo noti zinazofaa kutafutwa na mtu asiye na mtaji. Wamiliki wengi wa dola moja hawajui kuwa zipo, na baadhi yake zilizunguka miaka mingi kwa thamani yake ya kawaida. Hata hivyo, mwenye kutafuta asitarajie utajiri. Zilizochakaa sana huongezeka thamani kidogo tu. Zile safi, na hasa zile za nyota, ndizo zinazogombewa.

Kiwanda cha Fort Worth nacho kilianza kazi miaka michache tu kabla ya mradi huo, mwishoni mwa 1990. Herufi FW zilionekana kwa mara ya kwanza katika dola moja za Toleo la 1988A. Hapo ndipo mabamba ya Marekani yalipoanza kutaja pia mahali, na hapo ndipo ushahidi wa pacha wa 2013 ulipowekewa msingi bila mtu kujua.

Bei na hadaa

Habari za pacha hao zilipoenea, baadhi ya vyombo vya habari nchini Marekani vilitaja bei ya hadi dola 150,000. Taarifa hizo zilifika Kenya kupitia simu za mkononi, zikiwa zimepoteza maelezo yote ya muhimu njiani. Ujumbe uliosambazwa ulisema tu kuwa dola moja ya mwaka 2013 ni mali.

Sivyo. Noti moja ya nyota ya fungu lile, bila pacha wake, ni noti ya dola moja yenye thamani ya ziada ya kadiri tu. Kinachotafutwa ni jozi: nambari ile ile, moja ikiwa na FW na nyingine ikiwa haina. Kumpata mwenza wa noti uliyonayo miongoni mwa mamilioni yaliyotawanyika duniani, mengi yakiwa yamekwisha kuchakaa na kuharibiwa, ndiyo kazi. Bei kubwa zinazotajwa zinahusu jozi, na hasa zilizo safi.

Usafi wa noti, kwa kweli, hushinda mambo mengine yote katika soko hili. Noti iliyokunjwa mara moja katikati tayari imeshuka daraja. Iliyooshwa kwa sabuni au kupigwa pasi ili ionekane mpya imeharibiwa, na wapimaji huligundua hilo mara moja. Kuna jamaa huhifadhi noti ndani ya kitabu wakizibana kwa utepe wa gundi. Hao wanajitia hasara.

Swali la noti bandia ndilo linalowagusa wengi zaidi nchini. Maduka mengi ya kubadilisha fedha hukataa dola 100 za zamani zenye picha ndogo, au hutoa kiwango cha chini, ingawa kwa sheria ya Marekani noti zote zilizotolewa na serikali yake tangu 1861 zingali halali. Mwenye duka hujilinda. Mwenye noti ndiye anayepata hasara. Je, nambari ya bamba inaweza kumtetea?

Kwa kiasi. Wanaoghushi kwa kunakili noti moja huzalisha rundo la noti zenye nambari moja ya bamba na anwani moja, hata wanapobadilisha nambari za mfululizo. Mtu akipokea noti kumi kutoka kwa mgeni na zote zikawa na anwani H2 na nambari zile zile za mabamba mbele na nyuma, ilhali nambari za mfululizo zimetawanyika kila upande, ana sababu nzuri ya kusita. Herufi ya juu kushoto isipooana na ile ya chini kulia, pia kuna neno. Lakini kinyume chake hakifuati: nambari zikioana, noti haijathibitishwa kuwa halali. Mwenye kughushi kwa makini hunakili kila alama. Karatasi yenyewe, uzi wa usalama, picha ya maji na mguso wa michirizi ya wino ndivyo vipimo vya kwanza. Nambari ya bamba ni shahidi wa pili.

Mkenya anayekusanya noti za shilingi amezoea kutazama tarehe, sahihi za magavana na herufi tangulizi. Akihamia dola atahitaji lenzi ya kukuza mara kumi na daftari. Katika daftari hilo huandikwa toleo, nambari ya mfululizo, anwani, nambari ya bamba la uso na ya mgongo, pamoja na FW ikiwepo. Wengine hufuatilia mabamba kwa mpangilio, wakijaza orodha moja baada ya nyingine kutoka kwa dola wanazozipokea katika shughuli za kila siku, bila kulipa senti zaidi ya thamani iliyoandikwa. Wengine huwinda noti iliyo na bamba la kwanza pande zote mbili, 1 usoni na 1 mgongoni. Na wapo wanaotafuta noti mbili za nambari zinazofuatana ambapo moja ni baghala na ya pili si baghala, ushahidi wa bamba kukoma na jingine kuanza katika rundo lile lile.

Kuhusu pacha wa New York, maelezo ya kuwatambua ni mafupi. Noti iwe ya dola moja, Toleo la 2013. Nambari ianze kwa B na kuishia kwa nyota, na iangukie mojawapo ya mafungu mawili yaliyotajwa. Herufi FW zikiwepo chini kulia, mwenza wake alichapishwa Washington. Zisipokuwepo, mwenza huyo ni wa Texas.